Wasifu wa Msanii na Kalamu Iliyo Karibu: Usomaji wa Wasifu wa Siti binti Saad kwa Kuizingatia Kasekese

Utangulizi

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alifariki dunia mwezi Julai 1950. Miezi michache kabla ya kifo chake alikuwa amekutana na Shaaban Robert, aliyemhoji kuhusu maisha yake, na mwaka 1958 Wasifu wa Siti binti Saad ukachapishwa. Miezi hiyo michache ndiyo iliyotenganisha maisha yaliyosimuliwa na mwenyewe na maisha ambayo yangebaki kusimuliwa na wengine tu. Uhakiki huu unaanza na jambo hilo kwa sababu ndani yake mna swali linalostahili uzito zaidi katika mijadala ya wasifu wa Kiswahili: ni msanii yupi anayeandikiwa wasifu, na kwa nini awe yeye?

Jibu jepesi ni kwamba huandikiwa aliyestahili. Siti alistahili bila shaka, lakini kustahili peke yake hakuzai kitabu. Ili kitabu kizaliwe, sharti pawepo mtu mwenye kalamu, awe karibu na msanii kwa wakati ufaao, na awe na haja ya kumwandika. Haja hiyo nayo huacha alama katika kila ukurasa.

Jambo hili huonekana wazi zaidi kitabu kinaposomwa kwa kuizingatia Kasekese. Kasekese ni kata ya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, katika eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya wilaya ya Mpanda. Kati yake na Unguja umelala upana wote wa nchi. Katika ukanda huo wa magharibi wanaishi Wabende, na katika mkoa huohuo wamo Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa, pamoja na Wasukuma waliohamia na mifugo yao kutafuta malisho na mashamba. Ngoma, nyimbo za kazi na masimulizi havikosekani katika jamii hizo. Kinachokosekana ni vitabu vinavyobeba majina ya watu waliozitunga na kuziongoza.

Hoja ya uhakiki huu ni kwamba Wasifu wa Siti binti Saad ni kielelezo kizuri cha heshima kwa msanii, lakini ni kielelezo cha hatari kikiigwa bila kupimwa. Siti ana sauti iliyohifadhiwa katika santuri, nayo inaweza kukisahihisha kitabu. Fanani wa Kasekese hana santuri wala kitabu. Atakayemwandikia wasifu atakuwa shahidi wa pekee, na kosa lake halitakuwa na wa kulirekebisha.

Kutoka Mtumwa hadi Siti

Muhtasari wa maisha ya Siti unafahamika kwa wasomaji wengi. Alizaliwa Fumba, Unguja, takribani mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, na jina lake la awali hutajwa kuwa Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu, akahamia mjini, akajifunza kuimba, kisha akaungana na wanamuziki akina Subeti Ambari, Mbaruku Talsam, Buda Swedi na Maalim Shaaban. Taarabu iliyokuwa imekuzwa katika kasri la Sultani kwa lugha ya Kiarabu, kundi hilo likaiimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa mitaani. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zao katika santuri, na kwa santuri hizo sauti ya binti wa Fumba ikasikika mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Jina Siti, lenye maana ya bibi mwenye hadhi, alilipata katika safari hiyo ya kupanda daraja.

Kwa mwandishi kama Shaaban Robert, maisha ya namna hii yalikuja yakiwa yamekwisha kupangika nusu. Msomaji wa nathari zake anajua kwamba majina ya wahusika wake hubeba tabia zao. Adili ni mwadilifu, Karama ana kipawa cha kuitetea haki, na Utubora ni mtu aliyeuweka utu mbele ya mali. Katika Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952), jina humtangulia mhusika na kumwambia msomaji nini cha kutarajia. Siti ni mtu wa kweli ambaye maisha yake yalifuata kanuni hiyohiyo bila kubuniwa na mtu: alianza na jina la udhalili akamaliza na jina la heshima. Haishangazi kwamba Shaaban Robert alivutwa naye. Alikutana na mtu aliyefanana na wahusika ambao yeye mwenyewe alikuwa akiwaumba.

Mfanano huo ndio nguvu ya kitabu, na ndio udhaifu wake pia. Nguvu yake ni kwamba unampa msimulizi mhimili ulio wazi. Matukio ya Fumba, ya mjini na ya Bombay hayabaki vipande vilivyotawanyika, bali hushikamana kuwa safari ya mtu mmoja aliyekataa kuhukumiwa kwa nasaba yake. Udhaifu wake ni kwamba safari hiyo inapewa tafsiri moja mapema mno. Bidii, subira, ukarimu na unyenyekevu vinasimama mbele, na mtu mwenyewe anasogea nyuma ya sifa zake. Pale msomaji anapotaka kujua ni kwa namna gani mwimbaji huyu aliufanya ushairi ukae katika sauti, anakuta zaidi ni kwa namna gani mtu mwema anapaswa kuishi. Kitabu kinauelekeza uzito wake kwenye tabia kuliko kwenye kazi.

Si haki, hata hivyo, kuuhukumu wasifu huu bila kuukumbuka wakati wake. Mwaka 1958, kuandika kwa Kiswahili kitabu kizima kuhusu mwanamke, mwimbaji, tena mwenye asili ya utumwa, kulikuwa tendo la ujasiri. Wapo wengi ambao wangeona kwamba mwimbaji ni mtu wa kustarehesha wageni, hastahili kuwekwa katika safu ya watu wa kukumbukwa. Shaaban Robert alilijibu wazo hilo kwa kumpa Siti mavazi ya maadili ambayo jamii ilikuwa tayari kuyaheshimu. Uadilifu wa Siti katika kitabu ni utetezi wake. Tatizo linaanza pale utetezi huo, uliohitajika mbele ya hadhira ya 1958, unapogeuzwa kuwa kanuni ya kudumu ya kuandika maisha ya wasanii.

Santuri inapokisahihisha kitabu

Bahati ya Siti ni kwamba hakuachwa mikononi mwa kitabu peke yake. Nyimbo zilizorekodiwa, na nyingine zilizoendelea kuimbwa na waliomfuata, akiwemo Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, zimewapa wahakiki shahidi wa pili. Laura Fair, katika utafiti wake kuhusu starehe na siasa za Unguja uliochapishwa mwaka 2001, alizisoma nyimbo hizo kama mjadala wa mitaa ya mji juu ya haki, mahakama, matabaka na ukatili dhidi ya wanawake. Katika usomaji huo anatokea Siti ambaye si mpole tu, bali ni mkosoaji.

Wimbo uitwao Kijiti ndio mfano unaotajwa zaidi. Unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, mwuaji aliyevuka bahari akakimbilia bara, na sheria iliyowageukia wanawake wenyeji badala ya kumfikia mkosaji. Wimbo wa namna hiyo hauwezi kuelezwa kwa subira na ukarimu wa mwimbaji. Unahitaji kuelezwa kwa ujuzi wake wa kuchagua tukio lililokuwa vinywani mwa watu, kulipa umbo la ubeti, na kulirudisha kwa watu likiwa limekuwa hukumu. Huo ni ufundi, na ni ufundi wa kundi: mtungaji, mpigaji na mwimbaji hawakuwa lazima mtu mmoja, na habari zenyewe zilitoka katika mitaa waliyoishi.

Hapa ndipo pengo kati ya kitabu na santuri linapodhihirika. Kitabu kinaeleza jinsi mtu mmoja alivyopanda kutoka daraja la chini, ilhali santuri zinaeleza jinsi kundi la watu wa daraja hilo lilivyozungumza. Kitabu kinamtenga Siti na wenzake ili ang'are, na santuri zinamrudisha kati yao. Wala si kwamba shahidi mmoja ni mkweli na mwingine ni mwongo. Santuri hazimwambii msikilizaji kuhusu Fumba, vyungu na jina la Mtumwa, na bila Shaaban Robert sehemu ya hayo isingefika leo ikiwa na sauti ya mhusika mwenyewe. Mashahidi hao wawili wanahitajiana. Hata wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, walipoliita jarida lao Sauti ya Siti, walichagua kitu ambacho kitabu pekee kisingeweza kukitoa, yaani sauti.

Kalamu iliyofika Karema

Je, kalamu haikuwahi kufika katika ukanda wa Kasekese? Ilifika, na mahali ilipotua panafundisha. Katika wilaya hiyohiyo ya Tanganyika, kando ya ziwa, ipo Karema. Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika walijenga kituo hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Mwaka 1889 alifika Karema kijana aitwaye Adrien Atiman, mzaliwa wa maeneo ya mto Niger karibu na Timbuktu. Alikuwa ametekwa utotoni, akavushwa jangwa la Sahara akiwa mtumwa, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, kisha akasomea uganga wa hospitali katika kisiwa cha Malta. Alitibu watu wa Karema hadi kifo chake mwaka 1956. Simulizi ya maisha yake, iliyotolewa na yeye mwenyewe, ilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Atiman hakuwa msanii, na kumtaja hapa si kumhesabu miongoni mwa waimbaji. Anatajwa kwa sababu maisha yake na ya Siti yanakaribiana kwa namna ya kushangaza: wote wawili wamefungwa na historia ya utumwa, wote walibadilishwa jina au hadhi, na wote maisha yao yaliandikwa uzeeni. Vilevile anatajwa kwa sababu anathibitisha hoja ya kalamu iliyo karibu. Moja ya simulizi za maisha zilizoandikwa kwa ukamilifu zaidi kutoka ukanda huu ni ya mtu aliyetoka maelfu ya kilometa, naye aliandikwa kwa sababu misheni ilikuwa na shule, kumbukumbu na njia ya kufikia jarida. Wabende waliomzunguka, waliomwimbia mgonjwa wao kabla ya kumpeleka kwake na waliomwimbia marehemu wao baada ya hapo, hawakuwa na njia hiyo. Tofauti kati ya Atiman na manju wa ngoma wa enzi yake haikuwa tofauti ya kustahili. Ilikuwa tofauti ya nani ameketi karibu na meza ya kuandikia.

Kumbukumbu isiyo na kitabu

Inaweza kupingwa kwamba jamii za bara hazihitaji wasifu wa kuandikwa, kwa kuwa zina njia zake za kuwakumbuka watu wake. Pingamizi hili lina uzito na halifai kupitwa haraka. Jina la mkoa wenyewe ni ushahidi. Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, umechukua jina linalohusishwa na Katabi, mwindaji wa masimulizi ambaye roho yake inaaminika kukaa katika mkwaju ulio kando ya Ziwa Katavi, ambapo watu huacha sadaka. Hakuna kitabu kilichohitajika ili jina hilo lidumu hadi likaingia katika ramani ya serikali.

Ushahidi wa pili unatoka kwa Wasukuma. Mila yao ya mashindano ya ngoma imegawanyika katika pande mbili, Wagika na Wagalu, na pande hizo hufungamanishwa na waganga na viongozi wawili wa ngoma, Ngika na Gumha. Huu ni urithi wa kisanaa ambao haukumbukwi kwa kusomwa, bali kwa kushirikiwa. Mchezaji wa ngoma hahitaji kujua tarehe ya kuzaliwa kwa mwasisi. Anapoingia uwanjani upande fulani, yeye mwenyewe ni sehemu ya maisha marefu ya mwasisi huyo. Ukilinganisha na wasifu wa Siti, hii ni namna nyingine kabisa ya kuendelea kuwepo. Siti anakumbukwa kama mtu aliyekuwa peke yake. Ngika na Gumha wanakumbukwa kama kambi zinazoendelea kupambana.

Hata hivyo, njia hizo zina gharama zake. Katika simulizi ya Katabi limebaki jina na mahali, lakini matendo yamepungua hadi kuwa alama. Katika kambi za Wagika na Wagalu umebaki ushindani, lakini nyimbo za mwaka huu huweza kuzifunika za mwaka jana, na mtunzi wa kawaida, aliyetunga vizuri bila kuasisi kambi, huyeyuka. Kumbukumbu simulizi huwatunza waasisi kuliko mafundi. Nayo hutegemea hadhira inayoelewa. Wimbo wenye fumbo kuhusu mzee fulani wa kijiji fulani cha Usukuma una maana kamili pale wasikilizaji wanapomjua mzee huyo. Unapohamishwa hadi Katavi, wajukuu huupokea utamu wa sauti na kuupoteza ufunguo wa fumbo. Huko Usukuma yapo angalau makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yanayohifadhi sehemu ya urithi huo. Aliyehama na ng'ombe hakuhama na makumbusho. Kwa lugha yenye wasemaji wachache kama Kibende, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa wimbo unaweza kupoteza ufunguo wake bila hata kuhama.

Kwa hiyo pingamizi linakubalika nusu. Jamii zina njia zake za kukumbuka, nazo ziheshimiwe. Lakini njia hizo hazifanyi kazi ambayo wasifu hufanya, yaani kumhifadhi fundi mmoja pamoja na kazi zake, wenzake na mazingira ya utunzi wake.

Masharti ya wasifu wa fanani wa bara

Kutokana na usomaji huu, yapo mambo manne ambayo mwandishi wa wasifu wa fanani katika eneo kama Kasekese anapaswa kuyazingatia. Kwanza, kazi itangulie tabia. Ikiwa mwandishi hawezi kueleza fanani huyo alitungaje, aliongozaje kiitikio na aliibadilishaje ngoma aliyoikuta, basi sifa za wema wake hazitamtofautisha na jirani yake yeyote mwema.

Pili, kundi lisifutwe. Majina ya wapigaji, waitikiaji na watunzi wenza yaandikwe. Nyimbo za Siti zisingekuwepo bila wenzake, na wasifu unaomwacha fanani peke yake uwanjani unaeleza tukio ambalo halikutokea.

Tatu, lugha ya wimbo ibaki. Wasifu unaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na ni vyema iwe hivyo ili ufike mbali, lakini wimbo wa Kibende au wa Kisukuma uwekwe kwanza kwa lugha yake, kisha ufafanuliwe. Shaaban Robert hakukabiliwa na sharti hili, maana msanii, mwandishi na msomaji walikutana katika lugha moja. Katika Kasekese umoja huo haupo, na kujifanya upo ni kumnyang'anya fanani nusu ya ufundi wake.

Nne, ubishi uachwe wazi. Pale wazee wawili wanaposimulia maisha ya fanani kwa namna mbili, mwandishi asichague moja kwa niaba ya wasomaji wajao. Makosa ya kitabu kuhusu Siti yanaweza kupimwa kwa santuri. Palipo na shahidi mmoja tu, uaminifu wa shahidi huyo ni kukiri tofauti alizozikuta na kuambatanisha rekodi ya sauti yenyewe, ili mhakiki wa kesho awe na kitu cha kumsahihishia.

Hitimisho

Wasifu wa Siti binti Saad utaendelea kusomwa, na inafaa usomwe, kwa kuwa ulimpa mwimbaji wa Kiswahili heshima iliyokuwa ikitolewa kwa watawala. Mchango wake mkubwa kwa mtafiti wa leo, hata hivyo, haumo katika picha ya mtu mwema iliyochorwa ndani yake. Umo katika tendo lililoutangulia: mwandishi kuvuka bahari na kuketi na mzee mwenye sauti yake kabla wakati haujapita. Shaaban Robert alipata miezi michache tu, na miezi hiyo ikatosha.

Kwa mafanani wa Kasekese na vitongoji vya Katavi kwa ujumla, hesabu hiyo inaendelea. Mtafiti anayesubiri hadi nadharia yake ikamilike, au hadi fanani atambuliwe na taifa, huenda akafika akiwa na maswali mazuri na kukuta matanga. Hapo atabaki na sifa alizopewa marehemu na watu waliompenda. Ataziandika kwa unyofu, na atakuwa ametoa tena kitabu kinachomweleza mtu mwema pasipo kumweleza msanii.